Nani aliandika sorted()? Lugha ya juu, lugha ya chini na mpaka uliopo katikati

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Kigoma hufika wote kwenye swali moja, mara nyingi muda mfupi baada ya kuambiwa kwamba Python ni lugha ya polepole na C ni lugha ya kasi. Mwalimu, huuliza, kama C ina kasi kiasi hicho, kwa nini fanksheni zote za maktaba ya Python zisiandikwe kwa C, yakaisha? Wajanja zaidi huligeuza: kama Python ni tamu hivyo, kwa nini yenyewe haikuandikwa kwa Python?

Maswali yote mawili ni halali. Jibu linalozunguka vijiweni, kwamba ya chini ina kasi na ya juu ni rahisi, ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewafanya watu wengi waandike upya kwa C sehemu ambayo haikuwa na tatizo, huku tatizo lenyewe likibaki pale pale.

Tuseme unatengeneza programu ya kumbukumbu za mwalo wa Kibirizi. Kila mzigo wa dagaa unaoingia unaandikwa: uzito wake, mwenye mtumbwi, saa ulipofika. Rekodi zimefika 200,000 na unataka jumla ya kilo. Unaweza kuandika hivi:

    jumla = 0
    for kilo in uzito:
        jumla = jumla + kilo

Au hivi:

    jumla = sum(uzito)

Jibu ni lile lile, lakini njia ya pili humaliza mara kadhaa mapema. Sababu ni kwamba katika CPython, yaani ile Python ya kawaida ambayo karibu kila mtu huipakua, fanksheni ya sum imeandikwa kwa C.

Inafaa kutazama kwa karibu kinachotokea kwenye mzunguko wa kwanza. Intapreta, yaani programu inayoendesha msimbo wako wa Python, inasoma amri moja baada ya nyingine. Inachukua namba inayofuata, inauliza ni kitu cha aina gani, inatafuta alama ya kujumlisha ina maana gani kwa aina hiyo (namba hujumlishwa, lakini maneno huunganishwa), inatengeneza kitu kipya chenye jibu, inakipa jina jumla, kisha inakiachilia kile cha zamani. Inafanya hivyo mara 200,000 bila kukumbuka kwamba mara zote zilizotangulia zilikuwa kilo tu. Na hizo namba zenyewe si namba tupu. Katika Python ya biti 64, namba 1 peke yake inakalia baiti 28, kwa sababu imebeba alama ya aina yake, urefu wake, na hesabu ya sehemu ngapi za programu zinaitumia. Katika C namba hiyo hiyo ni baiti 4 au 8, na kuijumlisha na nyingine ni amri moja ya prosesa. Fanksheni ya sum hufungua kila namba mara moja tu, ikachukua thamani iliyomo, na muda wote ambao jumla haijawa kubwa mno hujumlisha kwa namna ya C bila kutengeneza vitu vya katikati.

Juu na chini, basi, hupimwa kwa umbali kutoka kwenye mashine. Chini kabisa kuna asembli, ambamo kila mstari ni amri ya prosesa. Juu yake kuna C, ambayo bado inakuachia kumbukumbu ya kompyuta mkononi mwako uichezee utakavyo. Java na Go ziko juu zaidi, kisha Python, Ruby na JavaScript. Ngazi hii haijanyooka, kama tutakavyoona kwa Java, lakini kwa sasa inatosha.

Ukiishia hapa utasema vijana wako sahihi: kila kitu kiandikwe kwa C. Mambo yanabadilika pale fanksheni ya maktaba inapohitaji kukuuliza wewe jambo.

Gharama iko mpakani

Chukua kupanga orodha. Fanksheni ya kupanga ya CPython, sorted, hutumia algorithimu (utaratibu wa hatua kwa hatua) iitwayo Timsort, iliyobuniwa na Tim Peters mwaka 2002, na imeandikwa kwa C. Ni kazi safi sana. Kabla ya kupanga chochote hutafuta vipande ambavyo tayari viko kwenye mpangilio, na ikikuta orodha nzima imeshapangika hupita mara moja tu ikamaliza. Rekodi za mwalo, ambazo huingizwa kwa kufuata saa, zikipangwa kwa saa hazina kazi.

Sasa unataka kuzipanga kwa uzito, na sheria ya kulinganisha rekodi mbili umeiandika mwenyewe kwa Python. Kwa orodha ya rekodi 200,000 zilizochanganyika, kupanga kunahitaji ulinganisho zaidi kidogo ya milioni 3. Kila ulinganisho maana yake C inasimama, inaiita Python, Python inajibu, C inaendelea. Kuvuka huko si bure. Vitu lazima vifungwe namna Python inavyovitaka, nafasi ya kuendeshea fanksheni yako itayarishwe, na wakati wa kurudi ikaguliwe kama kuna kosa lililotokea.

Anayeishi Kigoma hahitaji kuelezwa sana habari hii. Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914, inaishia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mzigo wa Kalemie au Bujumbura hauendelei na behewa. Unashushwa, unahesabiwa, karatasi zinagongwa mihuri, ndipo unapakiwa melini. Treni ikiongezewa kasi, muda ambao mzigo unalala bandarini unabaki ule ule. Ukishusha behewa zima kwa mkupuo, gharama ya karatasi inagawanyika kwenye magunia yote na haisikiki. Lakini ukishusha gunia moja, ukaliandikia karatasi yake, ukalipeleka melini, kisha ukarudi kuchukua la pili, hata treni ya kasi ya Mchongoko haikuokoi.

Ndiyo maana Python inakupa njia ya pili ya kueleza mpangilio. Badala ya kuilinganishia rekodi mbili mbili, unaipa fanksheni ya kutoa ufunguo wa rekodi moja:

    sorted(rekodi, key=lambda r: r["kilo"])

Hapa Python inaitwa mara moja kwa kila rekodi, yaani mara 200,000, kutoa uzito. Baada ya hapo C inabaki na namba zake, inalinganisha yenyewe hadi mwisho. Kutoka kuvuka zaidi ya mara milioni 3 hadi mara 200,000, na hujaandika hata herufi moja ya C. Ukitumia itemgetter("kilo") kutoka kwenye moduli ya operator badala ya lambda, ile fanksheni fupi isiyo na jina, hata kuvuka huko kunatoweka, maana katika CPython itemgetter nayo ni ya C.

Waliotengeneza V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome, walikutana na mpaka huu huu wakauamulia tofauti. Kwa miaka mingi fanksheni ya kupanga ya V8 iliandikwa kwa JavaScript yenyewe, ingawa injini nzima ni ya C++. Sababu ni hiyo: anayepanga karibu kila mara huleta fanksheni yake ya kulinganisha, nayo ni JavaScript, kwa hiyo ilionekana afadhali mzigo wote ubaki upande mmoja. Zaidi ya hapo, V8 ina kompaila ya papo kwa papo, inayogeuza msimbo unaorudiwa sana kuwa lugha ya mashine wakati programu inaendelea. Fanksheni ya maktaba na fanksheni yako zikiwa za lugha moja, kompaila inaweza kuziyeyusha kuwa kitu kimoja na mwito wa katikati ukafutika.

Haikuwa bila madhara. Msimbo wa JavaScript huanza polepole hadi kompaila ipate joto, na mtu anapanga orodha yake mara moja tu ukurasa unapofunguka, kabla joto halijafika. Pia algorithimu yenyewe, quicksort kwa safu zenye vipengele zaidi ya 10, haikuhakikisha kwamba vitu vilivyo sawa vitabaki kwenye mpangilio wao wa awali. Mitumbwi miwili yenye kilo sawa ingeweza kubadilishana nafasi bila sababu. Mwaka 2018, kwenye Chrome 70, fanksheni hiyo iliandikwa upya kwa Timsort. Haikuandikwa kwa JavaScript wala C++. Waliiandika kwa Torque, lugha waliyoibuni wenyewe kwa kazi za namna hii: inageuzwa kuwa lugha ya mashine mapema, wakati injini inatengenezwa, na bado inajua kuita JavaScript kwa gharama ndogo. Mimi naona uamuzi huo unafundisha kuliko hoja nyingi za kitabuni. Timu ilipima ikaona kwamba ngazi zote mbili zilizokuwepo hazikufaa, ikajenga ya katikati.

Ruby nayo ilienda njia ambayo wengi hawaitarajii. Fanksheni ya each ya orodha, inayopitia kipengele kimoja kimoja na ambayo kila mwanafunzi wa Ruby huitumia siku ya kwanza, ilikuwa ya C tangu zamani. Katika Ruby 3.4, iliyotoka Desemba 2024, iliandikwa upya kwa Ruby ili iongeze kasi. Kasi, si usomekaji. Kompaila ya papo kwa papo ya Ruby, YJIT, haioni ndani ya msimbo wa C. Kwake ni ukuta. Inaona mwito unaingia, na inaona kipande chako cha msimbo kinaitwa tena na tena kutoka upande wa pili, lakini haiwezi kuviunganisha. Mzunguko ukiandikwa kwa Ruby, YJIT inauona wote pamoja na kipande chako ndani yake, ikatengeneza msimbo mmoja wa mashine.

Mstari mmoja, lugha mbili

Kasi huwavutia watu mno hadi wanasahau kwamba lugha ya chini inakurithisha na makosa yake.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua ni kutafuta ndani ya orodha iliyokwisha kupangwa. Unaangalia katikati, kama unachokitafuta ni kidogo kuliko cha katikati unabaki na nusu ya kushoto, kama ni kikubwa unabaki na ya kulia, na kuendelea. Kwa rekodi 200,000 unafika ndani ya hatua zisizozidi 18. Mstari wa kutafuta katikati kila mtu anaujua: jumlisha mwanzo na mwisho, gawanya kwa mbili.

Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika fanksheni hiyo kwenye maktaba ya Java, alitangaza kwamba mstari huo ulikuwa na kasoro, na kasoro imelala humo kwa miaka kama tisa. Namba ya kawaida ya Java ina biti 32 na haivuki 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vipengele zaidi ya takriban bilioni moja, mwanzo jumlisha mwisho hupita kiwango hicho, jibu likageuka kuwa hasi, na nusu ya hasi ni hasi. Programu inaomba kipengele ambacho hakipo, inaanguka. Fanksheni ile ilipoandikwa, orodha za ukubwa huo hazikuwa zikionekana. Data ilipokua, kasoro ikaamka. Java ni lugha ya juu kwa mambo mengi, lakini kwa hili inatumia namba za mashine, pamoja na ukomo wake. Hapo ndipo ngazi inapopinda.

Sasa linganisha na Python, ambayo moduli yake ya bisect inafanya kazi hii hii na ipo katika nakala mbili. Nakala ya Python inasema:

    mid = (lo + hi) // 2

Hakuna hatari yoyote hapo, maana namba nzima za Python hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. Nakala ya C inasema:

    mid = ((size_t)lo + hi) / 2;

Lile neno la ziada ndani ya mabano linalazimisha jumla ifanywe kwa namba zisizo na alama ya hasi, ili isigeuke. Juu yake kuna maelezo ya mistari michache yanayoeleza kwa nini, yaliyoongezwa baada ya mtu kuripoti tatizo. Utasema hakuna mwenye orodha ndefu hivyo kwenye mashine ya biti 64. Kweli, lakini bisect hukubali pia range, yaani mfuatano wa namba, ambayo inaweza kuwa ndefu kupindukia bila kuhifadhi kipengele hata kimoja. Mwandishi wa nakala ya Python hakuhitaji kufikiria lolote kati ya haya. Wa C alilazimika, na mara ya kwanza halikufikiriwa.

Hilo lilikuwa kosa la upole. Aprili 2014 dunia ilijua kuhusu Heartbleed, kasoro katika OpenSSL, maktaba ya C inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Mtu alituma ujumbe mfupi akadai ni mrefu, seva ikamwamini, ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu, nywila na funguo za siri zikiwemo. Kilichokosekana ni ukaguzi mmoja wa urefu. Katika Python, ukiomba baiti 64,000 kutoka kwenye kitu chenye baiti 3, unapewa 3. C inakupa ulichoomba.

Na hata pale msimbo wa chini ulipo sahihi kabisa, una tabia ya kufichua makosa ya wengine. Fanksheni ya memcpy, inayonakili baiti kutoka mahali hadi mahali, katika maktaba ya C ya Linux huwa na nakala kadhaa za asembli, na inayolingana na prosesa yako ndiyo huchaguliwa. Mwaka 2010 nakala mpya ya kasi ilianza kunakili kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kanuni inaruhusu, kwa kuwa inakataza sehemu mbili zinazonakiliwa kupandiana. Programu ya Flash, iliyokuwa ikicheza video na sauti kwenye vivinjari, ilikuwa ikivunja kanuni hiyo bila kujua, na kwa bahati tu mambo yalikuwa yakienda. Kwa watumiaji wa Fedora 14, moja ya matoleo ya Linux, sauti za Flash zikaanza kukwaruza. Mabishano yaliyofuata yalikuwa marefu, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akiwemo, na mimi niko upande wake: mtumiaji wa kawaida anasikia sauti imeharibika, hasomi kanuni.

Kupanda na kushuka ndani ya toleo moja

Septemba 2012 ilitoka Python 3.3, na ndani yake mambo mawili yalikwenda pande tofauti kwa wakati mmoja. Moduli ya decimal, ya hesabu za desimali zisizopoteza senti, ilishushwa kutoka Python hadi C, na kasi yake ikapanda kati ya mara 10 na mara 100 kutegemea kazi. Wakati huo huo, mfumo mzima wa import, unaoleta moduli ndani ya programu, ulipandishwa kutoka C hadi Python.

Hakuna ukinzani. Decimal ni hesabu tupu: sheria zake zimeandikwa kwenye viwango vya kimataifa, hazibadiliki kila mwaka, na katikati ya kuzidisha haihitaji kukuuliza kitu. Inaingia upande wa C, inamaliza, inatoka. Import ni kinyume chake. Ina sheria nyingi ndogo ndogo, watu wanataka kuirekebisha, na matoleo mengine ya Python yanahitaji tabia ile ile. Msimbo wake wa C ulikuwa umefika mahali ambapo wachache walithubutu kuugusa. Muda wake mwingi pia huliwa na diski, na diski haijali lugha uliyotumia.

Hapa kuna jibu la wale walioligeuza swali. Import ikiwa ya Python, nani anaiimport? Imegeuzwa mapema kuwa amri za intapreta na kugandishwa ndani ya programu ya Python yenyewe, kwa hiyo inakuwepo kabla faili lolote halijasomwa. Lugha inaweza kujiandika sehemu kubwa sana ya maktaba yake. Julia imefanya hivyo, na Go ilihamisha hata kompaila yake kutoka C hadi Go katika toleo la 1.5 mwaka 2015. Lakini mahali fulani lazima kuwe na kitu kinachoweza kusimama bila msaada.

Kwa hiyo nikiulizwa fanksheni fulani iandikwe wapi, kwanza nauliza inavuka mpaka mara ngapi kwa kila mwito. Ikiwa ni mara moja kuingia na mara moja kutoka, na kazi ya ndani ni kubwa, C inalipa. Ikiwa inakurudia kila kipengele, faida ya C huliwa bandarini, na kama lugha ina kompaila nzuri ya papo kwa papo C inaweza hata kuwa hasara. Kisha nauliza nani ataitengeneza ikiharibika. Kwa programu ya mwalo, jibu la swali hilo ni kijana mmoja mwenye laptopu, anayejua Python, ambaye mwenzake aliyejua C alishahamia Dar es Salaam. Na kabla ya yote mawili, pima. Mara nyingi utakuta sekunde zilizopotea hazikupotea kwenye kujumlisha wala kupanga, zilipotea kwenye kuuliza hifadhidata rekodi moja moja mara 200,000. Huo nao ni mpaka.

Tangu 2011 Python ina kanuni, PEP 399, inayotaka moduli mpya ya maktaba yenye toleo la C iwe pia na toleo kamili la Python, na yote mawili yapite majaribio yale yale. Matokeo yake unaweza kuyaona kwenye kompyuta yako bila intaneti. Andika:

    import bisect
    print(bisect.__file__)

Fungua faili utakaloelekezwa. Ni fupi, linasomeka, algorithimu yote iko wazi kwa Python. Shuka hadi karibu na mwisho utakuta jaribio la kuleta kila kitu kutoka _bisect, ile ya C, kiandikwe juu ya ulichokisoma sasa hivi. Ikikosekana, kosa linapuuzwa na nakala ya Python inaendelea na kazi.